Kigari na Gari Lake: Malindi hadi Lamu

Jumatatu, Malindi

Kasha nililolitayarisha kwa safari hii ni la mbao, limegawanywa vijumba, na kila kijumba kimetandikwa flana. Limebeba vigari vitatu vya kuchezea: Volkswagen nyekundu ya chapa ya Corgi, Land Rover ya kijani ya Matchbox, na Peugeot 404 ya Dinky iliyotengenezwa Bobigny, Ufaransa. Nataka kila kigari kisimame juu ya boneti ya gari lake halisi, hapa hapa pwani kwetu, nipige picha. Gari likiwa zima, vyema. Likiwa limebaki bodi na kuku wanataga ndani, vyema vilevile, mradi ni la aina ileile.

Nimefuatana na mpwa wangu, mpiga picha. Tulianza Maweni, kwenye gereji ya ami mmoja ambaye watu walituambia ana Volkswagen ya zamani chini ya mkungu.

"Salaam aleikum, ami."

"Aleikum salaam. Mmekuja kununua au kutengenezewa?"

"Tumekuja kuangalia tu, ukituruhusu."

Nikafungua kasha. Alifuta mikono kwa kitambaa, vidole vyote kumi, ndipo akakipokea kigari. Hii ni Corgi namba 256, iliyotoka katikati ya miaka ya 1960: Volkswagen 1200 ya mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, namba 18 ubavuni, gurudumu la akiba juu ya paa. Ilipotoka dukani iliambatana na kifaru mdogo wa plastiki. Kifaru wangu hayupo, na wakusanyaji wengi wanamtafuta huyohuyo. Nilimwonyesha ami siri ya kigari: ukizungusha lile gurudumu la paani, magurudumu ya mbele yanageuka kushoto na kulia. Aliligeuza mara nyingi bila kusema neno.

Corgi ilikuwa chapa ya kampuni ya Mettoy, kiwanda chake Swansea, Wales. Walianza mwaka 1956 na sifa yao ya kwanza ilikuwa vioo vya madirisha, kwa sababu Dinky wakati huo vigari vyao vilikuwa na matundu matupu. Kwamba watu wa Wales walichagua gari la mashindano ya kwetu si jambo dogo. Safari hiyo ilianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na Volkswagen ilitamba mwaka huohuo, kisha 1954, 1957 na 1962. Injini yake iko nyuma na inapozwa kwa upepo. Haina rejeta, kwa hiyo hakuna maji ya kuchemka njiani.

Ami alikizungusha kigari, akakilinganisha na gari lake, akatikisa kichwa. "Hili si lake. Tazama taa."

Alisema kweli. Taa za kigari zimelala nyuma kufuata mteremko wa madigadi, na kioo cha taa kimeinama. Gari lake lina taa zilizosimama wima, namna zilivyoanza kutoka kiwandani mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni ndugu, lakini si pacha. Wakusanyaji wa Volkswagen huanza na dirisha la nyuma: mpaka mwanzoni mwa 1953 lilikuwa limegawanyika mawili, halafu likawa la mviringo mpaka 1957, halafu likapanuka na kuwa na pembe nne. Kigari changu kina dirisha pana na taa zilizolala, kwa hiyo pacha wake lazima awe amezaliwa kati ya hapo.

Tulipiga picha hata hivyo, kwa heshima ya ami, lakini sikuiandika kwenye daftari la mapacha. Tulipokuwa tunafunga kasha akasema ana madigadi ya zamani nyuma ya choo, aliyavua kwenye gari lililokatwa chuma zamani. Akatupeleka. Yalikuwa mawili, kutu tupu, na tundu la taa limelala vilevile kama la kigari. Mpwa wangu aliweka kigari ndani ya tundu la taa. Kilienea barabara. Hiyo niliiandika.

Jumanne, Malindi

Mvua toka alfajiri. Tulizunguka mjini kutafuta 404 na tukapata 504 tu, moja inafanya kazi ya kubeba mizigo sokoni, nyingine iko kwenye matofali. Aina zote mbili zilichorwa na Pininfarina wa Italia, ila 404 ya mwaka 1960 ina mapezi mgongoni na 504 ya 1968 haina. Wazee wa hapa wanaikumbuka 404 kwa Safari ya 1963 na ile ya 1968. Miaka hiyo miwili matope yalikuwa ya kupindukia, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu kila mwaka, na yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya 404. Mzee mmoja kwenye baraza alikitia kigari changu kiganjani akasema, "Hili ndilo lililowatoa wenziwe jasho." Lakini gari lenyewe hakuna aliyejua lilipo.

Jioni nilisafisha vigari, kwa sababu chumvi ya Malindi haingoji mtu. Maji vuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini, kisha unakausha kwenye kivuli. Tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli. Rangi haiguswi. Kigari kilichopakwa rangi upya hung'aa na hupoteza ushahidi wote: huwezi tena kujua kilichezwa wapi, kiligongwa upande gani, nani alikiburuta sakafuni.

Mpwa wangu aliuliza kwa nini sinunui Dinky za kabla ya Vita vya Pili. Ninazo mbili nyumbani, na moja inakufa. Vigari hivi humwagwa kwa mazaki, yaani zinki iliyochanganywa na alumini, magnesiamu na shaba kidogo. Inayeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Mchanganyiko ukiwa safi, kigari kitaishi kuliko mwenyewe. Ukiingiwa na risasi, hata chembe, ugonjwa unaanza ndani ya metali yenyewe, kigari kinavimba, kinapasuka nyufa kama tope la ziwa lililokauka, mwisho kinabaki vipande. Unyevu unaharakisha. Hakuna dawa. Mtu wa pwani anayenunua vigari vya miaka ya 1930 ajue anaweka rehani fedha yake kwa hewa ya bahari.

Jumatano, Malindi hadi Witu

Basi lilitukuta stendi asubuhi. Daraja la Sabaki, mto mwekundu kwa mvua za bara. Gongoni na mashamba yake ya chumvi. Minjila, ambapo barabara ya Lamu inaiacha ile ya Garissa. Ukaguzi wa polisi, watu wanashuka na vitambulisho mkononi, wanapanda. Lami ipo siku hizi. Wanaokumbuka njia hii ilivyokuwa wakati wa masika hawahitaji kusimuliwa na mimi.

Tulishuka Witu kwa sababu shemeji yangu anakaa huko, na alikuwa ametuambia kuna Land Rover kwenye shamba la maembe la jirani yake.

Ilikuwepo. Imesimama kwenye majani, milango miwili haina, na rangi ya kijani imekwajuka ikawa ya majivu. Niliinama kutazama taa kabla ya kitu chochote. Zilikuwa katikati, karibu na wavu wa mbele, wala si kwenye mabawa. Land Rover za mwisho wa miaka ya 1960 kuendelea taa zao zilihamia kwenye mabawa, kwa hiyo hii ni ya kabla ya hapo. Ni ndefu, ya milango mitano. Nikatoa kigari: Matchbox namba 12, Land Rover ya Safari ya mwaka 1965, kijani, mizigo ya kahawia imefungwa juu ya paa. Taa katikati. Mwili mrefu. Hata mkunjo wa bati chini ya kioo cha mbele upo.

Mwenye shamba, mzee wa makamo, alikuja akatukuta tumelala kifudifudi kwenye majani yake. Tulimsalimu na kumweleza. Akatuachia kisha akarudi na panga, akafyeka mbele ya gari ili picha itoke vizuri. Mungu ambariki.

Kuna jambo hapa linalonipendeza sana. Land Rover ilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ikiwa bado na uhaba wa chuma baada ya vita. Ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini na chasisi ikabaki ya chuma. Sasa nenda Witu uone hesabu hiyo imekwendaje. Bodi imechakaa rangi lakini haina tundu la kutu hata moja. Ukipiga kwa kidole inalia. Chasisi chini yake imeliwa, sehemu nyingine unaweza kuimega kwa mkono. Gari limesimama kwa sababu bodi inaishikilia chasisi, na ilipaswa kuwa kinyume chake. Kigari cha Matchbox kimejengwa vivyo hivyo kinyume: mwili ni mzito, wa metali nzima, na sakafu ni kipande chembamba kilichobanwa kwa ribiti.

Mpwa wangu alipanda kwenye tairi akaweka kigari juu ya boneti. Picha ishirini zikapigwa, na mwenye shamba akaomba apigwe yeye na kigari mkononi, amesimama mbele ya gari la marehemu baba yake. Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Kumbe baba yake alikuwa dereva wa serikali, na Land Rover aliinunua kwenye mnada ilipochoka.

Alhamisi, Witu hadi Lamu

Hindi, Mokowe, boti. Bahari ilikuwa imetulia na tulifika kabla ya adhuhuri.

Mtu aliyebeba kasha la magari kwenda Lamu Mkomani anastahili kuulizwa anakwenda kufanya nini. Mitaa ni myembamba, punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Kwa miaka mingi gari lililojulikana kisiwani lilikuwa la mkuu wa wilaya, nalo lilipita ukingo wa bahari tu. Siku hizi pikipiki na tuktuk zipo nje ya mji wa kale, na watu wana ugomvi nazo. Lakini mimi nimekuja kwa sababu hiyohiyo ya ukosefu wa magari. Nilikuwa nimesikia kwamba katika nyumba za mabaharia wa zamani vigari vipo, na nilitaka kujua mtoto anachezaje na kitu ambacho asili yake hajaiona.

Ijumaa, Lamu

Baada ya swala tulikaribishwa na mwalimu mstaafu wa madrasa, mtu wa miaka sabini na ushei.

"Ndoo, mwanangu. Ndoo ukae kitako," aliniambia, akanipisha kwenye daka la nyumba yake. Mjukuu alitumwa ndani, akarudi na sinia. Kulikuwa na buli la kahawa, vikombe, na kando ya vikombe vigari viwili vimefunikwa leso.

Cha kwanza nilikijua kabla leso haijaisha kuondolewa: Matchbox namba 3, lori la Bedford la kumwaga mchanga, la mwaka 1961. Kichwa kijivu, sanduku jekundu. Rangi imetoka kwenye pembe zote, na sanduku bado linainuka. Baba yake alikuwa baharia wa jahazi lililopeleka boriti za mikoko Arabuni, na alikinunua Aden, bandari isiyotozwa ushuru, ambako vitu vya Uingereza vilikuwa rahisi. Kibweta chake cha karatasi kilikwisha zamani. Kwa hiyo mama yao alikihifadhi ndani ya kiberiti kikubwa cha jikoni, akakiweka kwenye kidaka pamoja na vyombo vya kaure.

Nilimsimulia asili ya jina la Matchbox, naye alifurahi mpaka akamwita mjukuu asikilize. Kampuni ya Lesney iliundwa London mwaka 1947 na Leslie Smith na Rodney Smith, wasio na udugu, na fundi wao mkuu alikuwa Jack Odell. Binti wa Odell alisoma shule iliyoruhusu watoto kuleta kitu cha kuchezea ikiwa tu kinaenea ndani ya kiberiti. Baba yake akamtengenezea gari dogo la kushindilia barabara, shule nzima ikalitaka, na mwaka 1953 vigari vya viberiti vikaanza kuuzwa. "Basi mama alikuwa sahihi," alisema mwalimu. "Alikirudisha nyumbani kwao."

Kigari cha pili ndicho kilichonifanya niweke kikombe chini.

Kilikuwa cha mti. Bedford ileile, ukubwa uleule, imechongwa kwa kipande cha msaji. Mwalimu alieleza kwamba yeye na kaka yake walikuwa wakigombania kile cha Aden, siku moja wakapigana mpaka damu. Baba yao mdogo, fundi wa milango, akakichukua, akakaa nacho siku kadhaa karakana, akarudi na viwili. Sanduku la msaji linainuka juu ya msumari mwembamba. Magurudumu yanazunguka. Na ubavuni mwa sanduku, mahali ambapo kigari cha Lesney ni kitupu, fundi ameweka nakshi ya jani linalotambaa, kama ile ya kizingiti cha mlango. Nilimwuliza kwa nini. Mwalimu akasema baba mdogo hakuweza kuacha ubao mtupu.

Nikakipindua. Chini, kwa herufi zilizochongwa kwa ncha ya patasi, fundi amenakili kila kitu alichokiona kwenye bati la asili: LESNEY, MADE IN ENGLAND, na N moja imegeuka nyuma. Hakujua kusoma herufi hizo. Alijua kwamba zipo, na kwamba kigari kisicho nazo hakijakamilika.

"Na lori lenyewe alikuwa ameshaliona?"

"Bado. Sote bado."

Nimeshika vigari vingi maishani. Nimeona Aston Martin ya dhahabu ya Corgi, ile ya James Bond ya 1965 yenye kiti kinachoruka, ikiwa ndani ya sanduku lake kana kwamba imetoka dukani jana. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo nitakachokiweka juu ya hiki cha msaji. Wanaohesabu thamani kwa hali ya rangi na uzima wa sanduku wana kipimo chao, na nakiheshimu, lakini kipimo hicho hakina mahali pa kumweka fundi wa Lamu aliyemchonga pacha wa pacha wa gari ambalo hajaliona. Sikuuliza bei. Kuna vitu ukiuliza bei unamtukana mwenyewe.

Mwalimu ndiye aliyeuliza: "Hiyo Bedford kubwa, mmeipata?" Nikamwambia bado. Akafikiri kidogo. "Mokowe ipo. Ya kuwekea nyavu. Kesho twende sote."

Jumamosi, Mokowe

Kwenye boti alitusimulia siku aliyoona lori mara ya kwanza, akiwa kijana, hapo hapo Mokowe. Watu wengine walikwenda kutazama injini. Yeye alilala chini akaingia uvunguni, na utingo akamtoa kwa mguu akidhani anaiba. Alikuwa anatafuta maandishi.

"Ukayaona?"

"Mafuta tu, mwanangu. Mafuta na matope."

Bedford iko kwenye uwanja nyuma ya maduka, haina injini wala magurudumu, imekaa juu ya magogo. Sanduku la nyuma limejaa nyavu na maboya. Vijana wenye nyavu walimjua mwalimu, walifundishwa na yeye, na bila kuambiwa wakaanza kupakua. Tuliweka vigari vyote viwili kwenye bampa, cha Aden kushoto na cha msaji kulia. Kichwa kinalingana. Uwiano wa sanduku na kichwa unalingana katika kile cha metali, na katika kile cha mti sanduku limerefuka kidogo, nadhani kwa ajili ya nakshi.

Mpwa wangu alipokuwa akihangaika na kivuli, mimi nilipanda ndani ya kichwa cha lori kutafuta kibati cha kiwanda. Kilikuwepo, kimeshikwa na skrubu mbili, kimefunikwa vumbi gumu. Nikamwita mwalimu. Alipandishwa na vijana, mmoja kila upande, akakaa kwenye chuma cha kiti. Akafuta kwa ncha ya kanzu. Vauxhall Motors. Luton. England.

Akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kwa kidole. Halafu akaomba apewe kile cha msaji, akakipindua, akaweka chini yake karibu na kibati, akalinganisha neno la mwisho. "Kumbe waliyaandika ndani," akasema.

Picha hiyo tunayo: kibati, kigari kilichopinduliwa, na kidole chake. Mwalimu ameagiza nakala tatu, moja ya kwake, moja ya watoto wa baba mdogo walioko Faza, na moja ya kaka yake Mombasa, ambaye tangu ule ugomvi anadai kigari cha Aden ni chake. Mpwa wangu atazichapisha Malindi na kuzipeleka kwa basi. Peugeot 404 bado inatafutwa. Aliye nayo kati ya Mtwapa na Kiunga, nzima au bodi tupu, anitafute.